Nyama Iliyolala

Nairobi,
24 Januari 1971

Wifi Anyiko,

Pokea salamu zangu, wewe na Abner mdogo. Nilifika chuoni salama ingawa tumbo lilinisumbua njiani hadi Nakuru. Sasa nakula uji na mkate, nguvu zinarudi. Je, kikohozi cha mtoto kimepoa? Mumeo, kaka Machogu, amerudi kuchuma majani chai, au bado anakaa tu uani? Na mama anakula? Mwambie nimemwombea.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe hujui kuandika Ekegusii na mimi Dholuo sijui hata ya kusalimia, na jambo hili sitaki lipite kinywani mwa mtu wa tatu.

Tangu tumzike baba sipati usingizi. Ijumaa ile mama yako na ndugu zako waliotoka ziwani kuja kumwona mtoto walikula nyama kwetu, wakalala, wakaondoka alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyeumwa. Jumamosi sisi tukatoka kanisani, tukala nyama ile ile kutoka sufuria ile ile, na giza lilipoingia boma zima lilikuwa chini likijishika matumbo. Mimi nilitambaa hadi nyuma ya nyumba. Baba, ambaye kifua kilikuwa kimemmaliza nguvu tangu mvua za masika, hakuiona Jumatatu.

Ulimsikia baba mdogo Mogaka pale kaburini: "Nyama haina macho ya kuchagua kabila. Mkono ndio una macho." Sikumjibu. Wewe pia hukumjibu.

Nina mambo mawili ya kukuuliza, wifi. Ijumaa jioni nilimwona mama yako akikupa kitu nyuma ya jiko, kimefungwa kwa karatasi, ukakiingiza chini ya leso. Kilikuwa nini? Na Jumamosi, tulipokula sote, mbona wewe hukula?

Nijibu wewe mwenyewe.

Bonareri


Magwagwa,
20 Februari 1971

Kwa wifi yangu Bonareri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama sisi tulivyo hapa, ingawa mvua imekawia na majani chai yamekuwa haba. Abner ameota meno mawili na ananiuma. Mama mkwe anakula kidogo, anakaa sana chumbani na Biblia yake. Machogu analala katika nyumba ya marehemu baba yenu. Anasema ni kuilinda. Sijui anailinda na nani.

Kwenye kituo cha majani chai wanawake wakiniona wanahamisha vikapu vyao. Jumapili iliyopita nilimpa mtoto wa jirani maji, mamake akayamwaga mbele ya macho yangu. Bathsheba peke yake ndiye anayekuja. Yeye alichukua nyama kwetu Jumamosi asubuhi, akaila na watoto wake nyumbani, na wote walilala salama. Anapowaambia watu hivyo, wanasema basi tulikuwa na shauri moja, mimi na yeye.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuna kitu sijakielewa. Ni wewe unayeuliza, au ni wazee wanauliza kwa mkono wako? Ukinijibu hilo, nitajua namna ya kukujibu.

Gundi ya bahasha yako ilikuwa mbichi. Imefungwa tena kwa ugali. Barua zote hupitia kwa Machogu dukani. Ukiandika tena, tuma kwa Magdaline anayeuza samaki sokoni hapa Magwagwa. Ni mtu wa kwetu.

Wako,
Anyiko


Nairobi,
7 Machi 1971

Wifi,

Salamu. Nimefurahi kusikia habari za meno ya Abner.

Ni mimi ninayeuliza. Aliyekufa ni baba yangu. Umeniandikia ukurasa mzima na maswali yangu mawili umeyaruka kama mtu anayeruka tope. Mtu asiye na neno la kuficha huwa harukiruki hivyo.

Bonareri


Nairobi,
2 Aprili 1971

Wifi Anyiko,

Sikungoja jibu lako. Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima, likizo hii sitakuja, nimebaki chuoni kwa sababu ambayo utaiona.

Wiki jana mwalimu wetu wa hisabati aliandika namba moja ubaoni akatuuliza: moja hii ikizidishwa kwa mbili, na jibu lizidishwe tena kwa mbili, hivyo hivyo, itachukua hatua ngapi kupita milioni? Wengine walisema maelfu ya hatua. Mimi nilisema laki. Ni hatua ishirini tu.

Nieleze kwa mfano wa shambani. Ukichuma kikapu kimoja cha majani chai kila siku, lundo lako linapanda kwa kimo kile kile leo na kesho. Huko ni kuongeza. Lakini kuna vitu vinavyokua kwa kujizidisha: kila muda ule ule ukipita, haviongezeki kwa kiasi kile kile, vinaongezeka kwa mara zile zile. Kadiri vilivyo vingi ndivyo vinavyozidi kuwa vingi. Mwalimu alichora mstari wake. Unatambaa chini, unatambaa, unadhani hauendi popote, halafu unasimama wima kama ukuta. Ukiufuata kurudi nyuma unapungua nusu, na nusu ya nusu, lakini sifuri hauigusi kamwe. Na hauwezi kuanzia sifuri, kwa maana sifuri mara mbili ni sifuri. Lazima kuwe na angalau mmoja wa kuanzia.

Kisha akasema hivyo ndivyo vijidudu vinavyokua katika chakula kilicholala. Katika nyama vuguvugu vinaweza kuwa maradufu kila nusu saa. Hapo niliacha kuandika.

Ijumaa ile nyama iliiva kabla jua halijatua, kwa ajili ya Sabato. Wageni wako walikula ikiwa ya moto. Tuseme kufikia saa nne usiku ilikuwa vuguvugu. Toka hapo hadi saa saba mchana tulipoketi kula, ni nusu saa thelathini. Mmoja akizidishwa hatua thelathini anapita milioni elfu moja. Na nusu ya hao wote walizaliwa katika nusu saa ya mwisho, wakati sisi tumesimama kanisani tunaimba wimbo wa kufunga.

Sisemi huna kosa. Nasema kuna mlango mwingine ambao hatukuujua. Niambie: sufuria ilikaa wapi usiku ule? Ilifunikwa kwa kitu gani? Na Jumamosi, kabla hatujapakuliwa, ilipashwa moto?

Bonareri

Kwenye bahasha ya barua hii nilisahau nikaandika anwani ya duka la Machogu. Nimeona sasa hivi, na bahasha nyingine sina.


Magwagwa,
25 Aprili 1971

Wifi Bonareri,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imekuja kwa hasira, imebeba kipande cha njia ya mtoni. Mama mkwe alikuwa na homa, amepona. Abner anasimama akishika kiti.

Barua yako ilifunguliwa kama nilivyojua. Lakini safari hii aliyeifungua hakuibandika tena. Machogu aliniletea jikoni ikiwa wazi mkononi. Ni miezi mitatu hajaingia jikoni kwangu. Akaniuliza, "Hii hesabu ya Bonareri ni kweli?"

Nikamwambia, "Mimi niliishia darasa la saba. Muulize yeye."

Akasimama pale mlangoni akiwaangalia kuku. Akasema, "Sisi tulikuwa tunaimba," kisha akaenda zake. Siku hiyo alikwenda kwa Bathsheba, wakazungumza muda mrefu. Hakuniambia walisema nini.

Sasa nakujibu. Kile cha kwenye karatasi kilikuwa kambare, wa kukaushwa kwa moshi. Mama yangu alijua ninamtamani tangu nilipokuwa na mimba. Ninyi Waadventista samaki asiye na magamba kwenu ni najisi, na mama mkwe angejua ameingia bomani mwake angeosha hata mawe ya meko. Jumamosi, ninyi mkiwa kanisani, nilimla mzima jikoni peke yangu, mifupa nikaitupa chooni. Ndiyo sababu nyama sikula. Nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa na haya. Nilikaa kimya kaburini kwa sababu ya samaki. Ucheke ukitaka.

Kuhusu sufuria, ilikaa jikoni kando ya meko, kwenye majivu yenye joto. Ilifunikwa kwa majani ya migomba na magunia juu, ili joto lisitoke.

Hilo lingine sina jibu.

Anyiko


Nairobi,
9 Mei 1971

Wifi,

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Habari za mama? Homa yake isirudi. Hapa ni mzima.

Sasa nikwambie nilichofanya likizoni. Rafiki yangu wa somo la elimu ya viumbe aliniombea nafasi katika maabara. Tulipika mchuzi wa nyama, tukaugawa katika chupa mbili, tukazifunga na kuziweka katika kabati la joto jioni. Usiku wa manane mchuzi ulikuwa safi, mwanga unapita. Alfajiri safi. Saa nne asubuhi ungeapa hauna kitu. Hapo tukaitoa chupa moja, tukaichemsha, tukairudisha. Saa saba mchana ile iliyochemshwa ilikuwa bado safi. Ile nyingine ilikuwa imepata ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Harufu hakuna! Mtu angekunywa na kushukuru.

Sasa fikiri habari za Bathsheba. Uliniandikia mwezi wa pili nami nikapita juu yake. Nyama ya sufuria ile ile, asubuhi ile ile, na yeye si Mwadventista. Alipofika nyumbani aliinjika tena motoni mpaka ikatokota. Si kweli? Dawa ya kupe, sumu ambayo watu wananong'ona kwamba uliitia sufuriani, isingeondoka kwa kuchemka. Hawa vijidudu moto unawaua. Bathsheba si mwenzako wa shauri, wifi. Ni shahidi wako.

Kwa hiyo limebaki lile ulilosema huna jibu. Nimekaa nalo. Wewe umekulia nyumba ambamo nyama iliyolala hupashwa moto kabla haijaguswa. Siku zote nilizokaa nyumbani nilikuona ukipasha hata mboga. Jumamosi hiyo ulikuwa jikoni tangu asubuhi, kuni zipo, kiberiti kipo. Hukupasha. Nani alikukataza?

Bonareri


Magwagwa,
6 Juni 1971

Wifi,

Sisi wazima.

Usiniulize tena hilo neno. Ukiwa unalijua, kaa nalo wewe.

Wazee wamepanga kikao mwezi wa nane, wakisema nirudishwe kwetu, mtoto abaki. Kama utakuja, njoo.

A.


Nairobi,
5 Septemba 1971

Wifi Anyiko,

Nimefika chuoni. Salamu kwa wote.

Hasira zangu hazijapoa na siwezi kuzilalia, kwa hiyo zisome.

Niliomba ruhusa kwa wazee nizungumze, mimi msichana, katika kikao cha wanaume. Nilichora mstari ule chini kwa kijiti. Niliwaeleza taratibu, kwa Ekegusii, hadi mzee kipofu wa kule juu akasema, "Kumbe kitu kinaweza kuwa kidogo mpaka saa ya mwisho." Bathsheba akasema yake. Kaka Machogu akasimama mbele ya baba yake mdogo akasema anaamini. Ulikuwa hufuati maneno yote lakini uliona nyuso zao.

Mogaka naye akauliza swali lake, ambalo nakiri lilikuwa zuri: "Hesabu yako inataka mmoja wa kuanzia. Huyo mmoja aliwekwa na nani?"

Nikamjibu kwamba huyo hahitaji kuwekwa. Yuko udongoni, yuko tumboni mwa ng'ombe mwenyewe, yuko kwenye mikono yetu, na wengine huvumilia hata kupikwa kama mbegu inavyovumilia kiangazi. Hakuna sufuria duniani asimokuwa. Cha kuulizwa ni muda, na joto, na moto ambao haukuwashwa.

"Basi," akasema, "nani hakuwasha moto?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mikono yake. Ningengoja hata hadi jioni, wifi, nilikuwa tayari kungoja. Nawe ukasimama ukasema kwa Kiswahili, "Ni mimi. Sikuipasha. Sikujua."

Uliwasikia walivyohukumu: ubaki bomani kwa kuwa ulikosa kwa ujinga, lakini usiguse tena sufuria ya wageni maisha yako yote. Nilikuosha, ukajipaka tope mwenyewe. Wewe ulijua! Wewe ndiye pekee katika boma lile uliyejua bila hesabu yoyote. Kwa nini?

Bonareri


Magwagwa,
17 Oktoba 1971

Wifi yangu Bonareri,

Nakusalimu sana. Abner anatembea, na jana alianguka kwenye kikapu cha majani chai akalala humo humo. Machogu amerudi nyumbani kwake. Aliingia tu na blanketi lake.

Uliniuliza kwa nini. Nikakawia kukujibu kwa sababu nilitaka mwenye neno hilo mwenyewe ajibu kwanza. Sasa amelijibu, naweza kuandika.

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nimeshika kuni mkononi. Mama mkwe alikuwa amevaa tayari kwa kanisa. Akaniambia, "Moto hapana. Leo ni Sabato ya Bwana." Nikamwambia kwetu nyama iliyolala hupashwa. Akasema, "Hapa si kwenu." Mchungaji wenu mwenyewe, Machogu ameniambia, hupasha chakula chake na haoni dhambi. Lakini mama mkwe aliapa kwa mama yake tangu usichana kwamba Sabato hatawasha moto, na hilo ni lake na Mungu. Nikaweka kuni chini. Ni hivyo tu.

Ningesimama mbele ya wazee niseme nini? Kwamba mzee aliuawa na mke wake aliyeishi naye miaka arobaini? Machogu alikuwa amekwisha kumzika baba. Nisingeweza kumzikia na mama.

Baada ya kikao, mama mkwe hakunisemesha wiki nyingi. Nilidhani amenichukia zaidi. Kisha Jumatano moja alikuja jikoni akaketi kwenye kigoda, akanitazama nikimenya ndizi. Unajua Kiswahili si chake. Akasema, "Kwa nini wewe ulisema uwongo ya kunifunika?"

Nikasema, "Mama, ulikuwa na msiba."

"Wewe pia ulikuwa na msiba," akasema. "Walimwaga maji yako. Mimi niliona. Mimi nilijua, na nilinyamaza."

Akamenya ndizi moja pamoja nami, akaondoka. Jioni yake alimwita Machogu na baba mdogo Mogaka, akawaambia mwenyewe, amesimama. Machogu anasema hakulia. Mogaka alivaa kofia yake akaenda bila kunywa chai.

Usidhani yamekwisha. Wengi sasa wananisalimia, wachache wanakula kwangu. Wengine wanasema wewe ni msomi, umepika hesabu kama mimi nilivyopika nyama, na kwamba mama mkwe nimemtawala akili. Neno lile lilianza na mtu mmoja kaburini, wifi. Nimeelewa somo lako kuliko unavyodhani.

Sasa nina ombi, si langu. Jana usiku mama aliniita chumbani. Akasema, "Andikia Bonareri. Yeye anajua hiyo hesabu. Muulize: ningeacha moto uwashwe, mzee angekuwa hai?"

Nilimwambia sijui. Akasema, "Yeye anajua. Na asinidanganye, maana mtoto wangu akinidanganya nitamjua hata kwenye karatasi."

Nimeandika kama alivyosema, Kiswahili tu ndicho nilichokinyoosha. Nitamsomea jibu lako lolote litakalokuja.

Anyiko


Nairobi,
31 Oktoba 1971

Wifi yangu mpenzi,

Sina salamu ndefu leo. Nimeandika jibu hili mara nyingi na kulichana. Msomee mama polepole, Machogu amtafsirie panapohitajika, msiongeze neno wala msipunguze.

Mama. Hesabu ile inaijua sufuria. Inajua kwamba moto ungewashwa, sisi wengi tusingeugua, na hilo sitakuficha kwa sababu umeniomba nisikudanganye. Lakini hesabu haikumjua baba. Haikujua kifua chake, wala jinsi alivyokuwa akipumzika mara mbili kati ya nyumba na barabara tangu masika, wala kwamba ule mwezi wa kumi na mbili alikuwa ameshaniambia mimi nisichelewe kuja. Mtu mmoja si mstari wa ubaoni. Kwa hiyo, mama, sijui. Siyo kwamba nakuonea huruma, ni kwamba hakuna ajuaye, na atakayekuambia anajua, awe mzee au msomi, mshuku.

Hilo ni la kusomwa. Hili ni lako.

Nilikuwa tayari kuwaacha wakufukuze, wifi. Barua zangu za kwanza ulizisoma, sina haja ya kueleza. Nawe ulinijibu kila moja.

Tunafunga chuo wiki ya kwanza ya Desemba. Mwambie Machogu asije kunipokea, na asinipeleke kwa baba mdogo kusalimia kwanza kama desturi ilivyo. Nitashuka sokoni Magwagwa mchana, siku ya soko, nipite katikati ya watu na mzigo wangu. Sitaingia nyumba nyingine yoyote kabla ya jikoni kwako. Ukae umepika chochote, na mlango uwe wazi, ili anayepita njiani aone ni nani anayekula.

Bonareri